Spika Mbili, Nyumba Mbili

Mwenzake yuko wapi? Hilo ndilo neno lililonitoka juzi mjukuu wangu alipoweka mezani kispika chake, kidogo kama kibuyu cha ugoro, kikaanza kuimba chenyewe. Akacheka. "Bibi, hiki hakina mwenzake. Kinakaa peke yake." Nikamwambia basi hicho ni mjane, mpe pole. Akacheka tena, akaenda kuwasimulia wenzake kwamba bibi anaipa pole redio. Mimi nikabaki pale na harufu ya nta puani, ingawa kile kitu ni cha plastiki tupu na nyumba nzima haina nta wala mzinga. Pua ya mtu mzima haitazami kilichopo. Inatazama kilichokuwepo.

Ninyi tunaokaribiana umri, mliokulia uji wa uwele na kutembea peku mpaka mguu ukawa na soli yake, ninyi mtanielewa. Vijana wakitaka kusoma wasome, siwakatazi. Mimi mwenyewe shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nukta mtaziweka wenyewe pale mnapochoka.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la mbao. Anapakia Mitundu, anapita Itigi kwenye reli, anapandisha mpaka Singida mjini, halafu anakuja kwetu upande wa Iguguno kupumzika siku mbili tatu. Alikuwa na wake wawili. Mkubwa ni Mama Mkumbo, ambaye mimi nilimwita Mama Mkubwa, kama ilivyo heshima. Mdogo ni mama yangu, binti wa Kinyangiri, aliyeitwa Mama Siwema, kwa kuwa Siwema ndiyo mimi. Baba naye alikuwa na majina mawili uwanja mmoja: upande huu Baba Mkumbo, upande ule Baba Siwema. Ukimwita bila kutaja jina la mtoto alikuwa anasimama katikati, hajui ageukie wapi.

Zamani hao wake walikaa mbali, kilima kizima kiko kati yao, na wakapatana vizuri sana. Kisha Ujamaa ukaja, tukaambiwa tusogee tukae pamoja, nyumba zikapangwa mstari kama meno. Si kama haya yangu. Kama meno ya mtu mwenye meno. Basi wake wa baba wakajikuta wanatazamana mlango kwa mlango, hatua ishirini za uwanja, na kibanda cha baba ubavuni. Mama akipepeta, pumba zinatua kwa Mama Mkubwa. Mama Mkubwa akikohoa, mama ananiambia, "Umesikia? Ananikohoa."

Kwa hiyo baba alishika usawa kama mtu anavyoshika dini. Khanga mbili, rangi moja. Sufuria mbili, mfuniko kwa mfuniko. Sukari aliipima kwa kikombe kimoja huku wote wawili wanaangalia. Safari moja alileta mwavuli mmoja kwa sababu dukani ulibaki mmoja. Masika yote ule mwavuli ulining'inia kibandani kwake, na wake wote wawili wakalowa sawasawa.

Sasa, ugonjwa wa muziki aliupata Itigi. Kuna karani mmoja wa reli alimkaribisha ndani, akamkalisha kwenye kiti, akampigia sahani ya santuri kwenye mtambo wa spika mbili. Baba alirudi nyumbani macho yamemtoka. Sisi wa redio ya mkulima, ile moja kwa kijiji, tulikuwa tunajua sauti inatoka kwenye sanduku, basi. Yeye akasimama uwanjani akatueleza.

"Mwimbaji alikuwa hapa," akasema, akagusa hewa mbele ya pua yake. "Gitaa liko kule kabatini. Manyanga yanachakacha dirishani. Nikanyoosha mkono nimshike yule mwimbaji, nikashika pazia."

"Ulikunywa nini huko?" akauliza Mama Mkubwa.

"Chai."

"Ya nani?"

Baba akaingia kibandani kwake. Lakini kuanzia siku ile akawa si mtu wa kukaa. Akila, anapiga sahani ya wali kwa kidole asikie inalia vipi. Akauza fahali wake mwekundu, yule mwenye pembe moja iliyoinama, na akasema atanunua mtambo wake, tena hatanunua mzima mzima. Atachagua kiungo kimoja kimoja.

Safari ya kununua alinichukua na mimi. Si kwa mapenzi. Nilikuwa nimekauka sauti kwa sababu ya kumtukana Mkumbo, mtoto wa Mama Mkubwa, kutoka juu ya kichuguu kwa siku nzima. Mama alitaka nikatazamwe hospitali ya mjini. Huko wakanichungulia koo wakasema ninyamaze. Nilinyamaza kweli, ndiyo maana dukani niliona kila kitu.

Mwenye duka alimtolea baba ule mtambo wa mkoba, kila kitu ndani, mfuniko ndiyo spika. Baba akautazama kama mtu aliyeletewa mbuzi wa miguu mitatu. "Humu mtu na mke wake na watoto wake wote wanalala kitanda kimoja," akasema. "Nataka kila mtu na kitanda chake."

Akaanza na gramafoni. Akainua moja, nyepesi, akairudisha. Akainua nyingine mpaka akaguna, akafurahi. Akaomba kikombe cha maji, akakiweka pembeni ya ile sahani inayozunguka, akapiga magoti kutazama kama maji yanatikisika. Hayakutikisika. "Huyu ametulia," akasema, "anaweza kuolewa." Halafu amplifaya. Kulikuwa na ya taa ndani, nyekundu kama makaa, na sauti yake ilikuwa tamu hata mimi mgonjwa nilijua. Lakini ilitaka umeme wa ukutani, na ukuta wetu sisi ulikuwa na mchwa tu. Akachukua ile ndogo inayokubali betri ya gari.

Spika ndizo zilizomaliza mchana. Za dukani zilikuwa kwenye maboksi ya mbao nyembamba, na baba mtu wa mbao akazigonga akasema haya ni masanduku ya chai. Akataka ziletwe zikiwa uchi. Zikaletwa, bakuli za bati zenye karatasi nyeusi katikati, akazilaza chali juu ya meza. Akaingiza mkono mfukoni akatoa uwele.

"Mzee," akasema mwenye duka, "umekuja kununua au kulisha kuku?"

Baba akainama mezani. Akaweka punje chache juu ya ile karatasi nyeusi, akaomba sahani ipigwe. Spika ya kwanza punje zikaruka zikaanguka chini. "Hii ni ya ugomvi." Ya pili zikajikusanya upande mmoja. "Hii inachechemea." Akaendelea hivyo hivyo, mwenye duka anafagia uwele, mpaka akapata mbili ambazo punje zinacheza papo hapo, kama wanawake wanaotwanga pamoja, juu, chini, hakuna anayetoka kwenye mstari. "Hizi," akasema.

Mwenye duka akafunga nyaya nyuma ya amplifaya kwa mkono wake, akamwonya. "Hapa usiguse tena. Ukichanganya waya mmoja tu utaona moshi, na moshi hauna dawa." Baba akapafunga kitambaa kama kidonda. Alipofika nyumbani akapaka na nta juu yake. Kumbukeni kile kitambaa.

Maboksi aliyatengeneza Babu Msengi, ndugu yake babu yangu. Huyu alikuwa fundi wa mizinga ya nyuki tangu ana nywele. Baba alimletea mninga safi kutoka Mitundu. Babu akaugonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio, akachagua vipande na kuvitupa vingine kwa dharau, na baba akatikisa kichwa kwa furaha maana alikuwa amekutana na mtu wa ugonjwa wake. Ila walipogombana, waligombana. Babu alimaliza maboksi, mazuri, ya pembe nne kama alivyoombwa, na chini ya kila moja kuna kitundu cha kuingia vidole viwili.

"Mzee, umelitoboa!"

"Huo ni mlango."

"Mlango wa nini? Humu hakai nyuki."

"Mimi sijawahi kutengeneza nyumba isiyo na mlango," akasema Babu Msengi, "na kwa umri huu sianzi. Sauti yako itatokea wapi, puani?"

Baba aliingia kibandani amekasirika, akafunga spika, akaweka betri, akapiga sahani. Jamani! Ile ngoma ya chini ilitoka kwenye kitundu nzito mpaka vikombe vikasogea kwenye meza. Yule karani wa Itigi hakuwa na kitu kama hicho. Baba akatoka nje anatembea polepole. Kesho yake alikuwa anawaeleza majirani kwamba yeye ndiye aliyemwambia mzee atoboe.

Akaweka spika moja kona hii, moja kona ile, kiti chake katikati. Alikalia kile kiti mara moja tu. Mama Mkubwa alikuja kusimama mlangoni, akazitazama.

"Ziko mbili?"

"Mbili."

"Zinafanana?"

"Kama mapacha."

"Na sisi tuko wangapi?"

Nilimwona baba akiinamisha kichwa. Mtu yule aliwahi kufukuza fisi kwa spana, lakini sasa alikuwa amekwisha. Khanga ziwe mbili, sufuria ziwe mbili, halafu spika mbili azikalie yeye? Na mama yangu, ambaye kwa kawaida hakukubaliana na Mama Mkubwa hata kuhusu jua limetoka wapi, alikuwa tayari amefagia pembe ya nyumba yetu pa kuiweka. Jioni ile waya mmoja ukavutwa kwenda kwa Mama Mkubwa na mwingine kwetu. Gramafoni na amplifaya vikabaki kibandani na baba, ambaye sasa alikuwa na mtambo bora kuliko wote upande ule na hasikii kitu. Ilibidi asimame uwanjani kama mgeni.

Mwanzoni tuliishi vizuri. Sahani zake zilikuwa zile ndogo za zamani, ukipiga kunaimba huku na kule sawasawa. Mama akipika anatikisa bega. Kisha yule karani akampa baba sahani moja kubwa ya bendi ya Kongo, ya aina mpya. Baba aliileta imefungwa kwenye koti kama mtoto mchanga. Akaiweka, sindano ikashuka.

Kwetu yakaanza magitaa. Matamu sana, yanakimbizana. Manyanga yakaingia, ngoma ikaingia. Mama akaacha mwiko, anangoja mtu aimbe. Magitaa yakaenda, yakarudi. Hakuna mtu. Na kutoka ng'ambo ya uwanja, ndani ya nyumba ya Mama Mkubwa, tukasikia mwanamume anaimba kwa sauti laini kama samli.

Mama akangoja mpaka mwisho wa wimbo. Na wa pili. Na upande wa pili wa sahani.

"Baba Siwema," akaita. Baba akaja. "Kwangu mbona haimbi mtu?"

Baba akainama kwenye spika yetu, akasikiliza. Akaenda kwa Mama Mkubwa, akasikiliza. Akarudi anajikuna. "Labda imechoka."

"Imechoka kwangu tu?"

Mkumbo alikuwa ameshaanza kuzunguka nyumba yetu kwa mguu mmoja. "Yenu bubu! Yenu bubu!" Nilimpiga na ganda la boga, lakini moyoni niliona ni kweli.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipoingia baridi. Mama hakugombana. Afadhali angegombana. Alimwambia baba maneno machache, mimi nikiwa nyuma ya mtungi. "Mimi ni mke mdogo, najua. Lakini hujawahi kunipunja hata chumvi. Leo mwenzangu umempa mtu wa kumwimbia, mimi umenipa bubu. Nangoja mpaka siku ya mnada. Isipoimba, narudi Kinyangiri kwa kaka zangu. Na Siwema nakwenda naye."

Ninyi mnaweza kucheka. Mimi nilikuwa na miaka saba au minane, na Kinyangiri nilikujua kwa jambo moja, mbwa wa mjomba. Nililia mpaka nikapata kwikwi.

Baba akafanya alichoweza. Akazibadilisha zile spika. Ya kwetu akaipeleka ng'ambo, ya ng'ambo akaileta kwetu, anapita uwanjani amekumbatia boksi na jasho linamtoka. Waya zilizokuja mlangoni akaziacha zilivyo, na kule nyuma ya amplifaya, kwenye kile kitambaa cha nta, hakuthubutu. Alikuwa anaogopa moshi. Akapiga sahani. Ile spika iliyokuwa inaimba jana ikawa bubu kwetu. Ile bubu yetu ikafika kwa Mama Mkubwa, ikafungua kinywa, ikaimba kama samli.

"Kumbe si spika," akasema mama. "Ni nyumba." Akatoa khanga kubwa, akaanza kukunja nguo.

Mimi nilifikiri sana. Akili ya mtoto haina kazi nyingi, ikishika jambo inalishika lote. Hii spika, nikasema, jana ilikuwa inaimba kwa Mama Mkubwa usiku na mchana. Leo imeletwa kwetu haina sauti. Basi si bubu. Imekauka koo! Kama mimi. Na mimi nilipona kwa nini? Nilipotoka hospitali, mama alinirambisha asali ya Babu Msengi asubuhi na jioni, siku ya tatu nikaanza kumtukana Mkumbo upya.

Asali ilikuwa kwenye kibuyu juu ya dari. Nilipanda juu ya kinu. Sikupima kwa kijiko, mgonjwa alikuwa mkubwa. Nilimimina kikombe kizima kwenye kile kitundu cha chini, polepole, nikaishika spika kichwa kama mgonjwa, nikaiambia imeze. Kesho yake nikaongeza nusu.

Ilikuwa kipindi cha maua, mvua zimekwisha, nyuki kila mahali. Nikaona mmoja kwenye kitundu, sikumjali. Nikaona kumi. Siku ya tatu, asubuhi ya mnada, mama anafunga fundo la mwisho la kifurushi, ikasikika kutoka pembeni sauti ya chini. Mmmmmm. Na sahani ilikuwa haijapigwa.

"Mama! Inaguna!"

Mama akageuka. Mmmmmm. Nikaona uso wake unalegea kidogo. Akasogea. "Kweli inaguna," akasema. "Baba Siwema! Njoo, inasafisha koo!"

Baba akaja mbio kutoka kibandani, akapiga magoti kama kule dukani, akabandika sikio lake la kulia kwenye boksi. Akasikiliza. Nikaona shingo yake inakuwa ngumu.

"Mama Siwema," akasema kwa upole ambao sijausikia tena maishani. "Toka nje. Usikimbie. Siwema, nawe."

"Kwani inasemaje?"

"Toka!"

Hapo wakatoka na wao. Sitawaeleza yote. Baba alizunguka uwanja mara tatu. Kuku walihama. Mkumbo, aliyekuja kucheka, alirudi kwao na mdomo wa juu kama wa bata, na hilo nalihesabu kuwa moja ya furaha za utoto wangu. Baba akabaki na sikio la kulia limevimba, limefunga tundu, limesimama kama uyoga. Mama alikuwa ametoka salama. Akasimama karibu na zizi, mikono kiunoni.

"Mume kanipa bubu, nikavumilia. Sasa bubu kanijazia nyuki. Nangoja nini?"

Babu Msengi akaja na mzinga mtupu begani na moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe. Akaingia kwetu taratibu kama anaingia chooni kwake, akaitoa spika uwanjani, waya wake unaburutika nyuma. Akafungua ubao wa nyuma, akawapukutishia nyuki mzingani, kundi zima, huku anawasemesha Kinyiramba, anawapa pole kwa usumbufu. Halafu akaingiza kidole chini ya boksi, akakitoa kinang'aa, akakiramba. Akatulia. Akaramba tena. Mzee yule alijua asali ya kila mzinga wake kama mtu anavyojua sauti za watoto wake. Akanitazama mimi. Nikatazama miguu yangu.

"Hawa," akasema Babu kwa sauti ya watu wote, "wamekuja na chakula chao." Akafuta kidole. "Na ile ya ng'ambo itoke. Zote mbili nilizipaka nta ndani, wasije wakaingia na kule."

"Ulizipaka nta?" baba akapiga kelele. "Nta ya kuitia nyuki?"

"Sijawahi kutengeneza nyumba nisiipake."

Basi Mama Mkubwa akasukuma yake mpaka mlangoni kwake. Spika mbili zikawa zinatazamana uwanjani, hatua ishirini kutoka moja mpaka nyingine. Baba, na lile sikio lake, akaingia kibandani kujaribu kama mtambo umepona. Akaweka ile sahani ya Kongo. Na wakati huo huo mama akatoka ndani na kifurushi kichwani, amenishika mkono, mimi na kimkeka changu, tunaelekea barabarani. Njia ilipita katikati ya uwanja.

Alitembea kwa hasira, hatua ndefu. Katikati ya uwanja akasimama ghafla, nikamgonga mgongoni.

Nikadhani nyuki. Akageuza kichwa taratibu huku, akageuza kule, kifurushi kikageuka pamoja naye. Kisha akanyoosha kidole, akagusa hewa mbele ya pua yake.

"Yuko hapa," akasema.

"Nani?" nikauliza.

"Dada!" akaita. Hakuwahi kumwita Mama Mkubwa dada mbele yangu. "Dada, njoo!"

"Nije nifanywe nini, niumwe?"

"Njoo usimame hapa nilipo."

Mama Mkubwa akaja kwa mashaka, na mwiko mkononi. Mama akasogea nusu hatua, akampa nafasi. Mama Mkubwa akaingia pale, akakaza macho kama mtu anayevuta ugoro.

"Haa!" akasema. "Kumbe ana magitaa!"

"Kwako hayakuwepo?"

"Magitaa yatoke wapi? Mimi nimepewa mwanamume anaimba peke yake, hana hata ngoma, kama mlevi anayerudi nyumbani. Nikawa nasikia ngoma huko kwako, nikasema, yule mdogo ndiye amepewa harusi, mimi nimepewa mlevi."

Wakatazamana. Kumbe ile sahani mpya iliugawa wimbo mmoja, magitaa waya huu, mwimbaji waya ule. Mama ndiye aliyeanza kucheka, na akicheka alikuwa anapinda, kifurushi kikamwanguka. Mama Mkubwa akacheka mpaka akajifuta kwa mwiko. Wimbo ulipokwisha wakampigia baba kelele aurudie. Mama akakalia kifurushi, Mama Mkubwa akakalia ncha ya pili ya kile kile kifurushi, mabega yamegusana, maana pale pa kusikia pande zote mbili hapakuwa papana, palitosha vichwa viwili tu vilivyokaribiana. Zile nguo za kwenda nazo Kinyangiri zilikaliwa mpaka zikanyooka kama zimepigwa pasi.

Baba akatoka kibandani anatabasamu upande mmoja. "Si niliwaambia? Nisogezeeni na mimi nisikie."

"Wewe," akasema Mama Mkubwa bila kugeuka, "una sikio moja leo. Kaa popote."

Na hapo ndipo alipokaa miaka yote. Sikio lilipona, lakini nafasi alikuwa ameipoteza. Siku akiwa nyumbani, jua likipungua ukali, spika zilitolewa milangoni, mkeka ukatandikwa katikati, na wake zake wakakaa. Yeye aliyegonga sahani, aliyebeba uwele mfukoni, aliyeuza fahali, alikaa ubavuni kwenye kibanda akigeuza sahani, na alichosikia zaidi ni wao wakibishana kama yule mwimbaji ana mke. Habari ya asali sikumwambia mtu mpaka leo. Babu Msengi alinidai nimchotee maji ya nyuki mwaka mzima bila kusema kwa nini, na mimi nikachota bila kuuliza.

Mama Mkubwa alitangulia kufa. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nikaja msibani, nikakaa mpaka watu wakatawanyika. Alasiri moja mama akatandika mkeka pale pale, akakaa upande wake. Spika zilikuwa zimekwaruzika, mninga umepauka, lakini kile kitundu bado kilitoa ngoma yake. Baba, mzee sasa, akaweka ile sahani ya Kongo, akatoka kibandani anajikongoja, akatazama ule upande mtupu wa mkeka. Mama akamwambia, "Haya, Baba Siwema. Njoo basi ukae usikie."

Akaja. Akakaa pale pa Mama Mkubwa, katikati ya spika zake, kwa mara ya kwanza tangu kile kiti. Magitaa na manyanga upande huu, sauti kule, na katikati yule mwanamume mbele ya pua. Nikamwona anafumba macho. Hata ubeti mmoja haukwisha, akashika goti, akainuka.

"Vipi?" akauliza mama.

"Hapa pana mtu," akasema baba, akarudi ubavuni.